Marlys Vavra na Ratiba ya Profesa Quist

Profesa Gerald Quist aliitupia jicho karatasi ya Marlys Vavra, akaisukuma juu ya meza mpaka ikamgusa mkono.

"Hapana," alisema.

"Hapana kwa lipi, Profesa?"

"Kwa yote. Chukua kiti kama unataka nikueleze. Kama hutaki, mlango huo."

Marlys alivuta kiti. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo cha Wexler, na bado alivaa sare ya bluu ya kazini. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa akitoa watu damu katika hospitali ya kaunti kule Kelso, halafu anaendesha gari maili arobaini kati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska kuwahi darasani. Siku hiyo ya Aprili alikuja kwa jambo moja tu: kupata sahihi. Bila sahihi ya mshauri, mwanafunzi hasajiliwi masomo. Na mshauri wa wote waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia udaktari alikuwa Quist, mtu mrefu, mkavu, mwalimu wa baiokemia, aliyekuwa na sifa chuoni kwamba katika miaka ishirini na mbili hajawahi kumwambia mtu "hongera" bila kuongeza "lakini."

"Unataka kuimaliza kemia ya kaboni yote, sehemu ya kwanza na ya pili, kwa wiki kumi za likizo," alisema Quist, kidole chake kikishuka taratibu kwenye karatasi. "Tena kwenye kile chuo kidogo cha kaunti. Somo ambalo wenzako wanalichukua mwaka mzima na bado linawatoa machozi."

"Nitaliweza."

"Agosti unaingia baiokemia na fizikia kwa mpigo. Aprili inayofuata, mtihani."

"Ndiyo."

"Saikolojia na sosholojia umezifuta kwa mstari. Kwa nini?"

"Nitajisomea mwenyewe. Profesa, mimi natoa watu damu tangu nina miaka kumi na tisa. Nimeshika mikono ya walevi, ya wafiwa, ya wanawake waliovunjwa mbavu na waume zao. Nani wa kunifundisha binadamu ubaoni?"

"Ni robo ya mtihani, Bi. Vavra. Sehemu moja kati ya nne."

"Nimesema nitajisomea."

Quist alichukua karatasi nyingine akaandika kwa wino wa kijani, bila haraka. Kemia ya kaboni mwaka mzima, pamoja na saikolojia na sosholojia. Mwaka unaofuata fizikia na baiokemia. Mtihani baada ya hapo. Alipomaliza aliigeuza karatasi ili Marlys aisome.

"Hii inanichelewesha mwaka," alisema Marlys.

"Ndiyo."

"Nimeshapoteza miwili nikimuuguza mama. Kapigwa na kiharusi, nimemlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Sina mwaka mwingine wa kugawa."

"Pole. Lakini mtihani haujui habari za mama yako."

Maneno hayo yalimwingia Marlys kama sindano butu. Hata hivyo angeweza kuyameza. Lililomkaa kooni ni lililofuata.

"Umewahi kufikiria uuguzi?" aliuliza Quist, akifunga kijalada cha njano chenye rekodi zake. "Kazi nzuri. Watu wa aina yako huifanya vizuri sana."

"Watu wa aina gani?"

Quist alimtazama, akaitazama na sare yake. "Wanaoamka mapema," alisema.

Marlys alisimama. "Weka sahihi," alisema. "Ukikataa naenda kwa mkuu wa chuo, na nitakaa mlangoni kwake mpaka anifukuze na polisi."

Quist aliweka sahihi. Hakuonekana kuogopa, alionekana kuchoka. "Nasaini kwa sababu sheria hainiruhusu kukuzuia kujiumiza," alisema. "Ila barua ya kamati usiitegemee."

Barua hiyo ndiyo iliyofuatana na kila mwombaji wa Wexler kwenda vyuo vya udaktari. Kamati yenyewe ilikuwa Quist na walimu wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia kwa vichwa.

"Kaa nayo," alisema Marlys, akaondoka. Ile ratiba ya wino wa kijani aliiacha mezani.

Nyumbani nako hakukuwa na mto wa kulazia kichwa. Marlys aliishi na kaka yake, Wade, katika nyumba ya shamba waliyoachiwa na wazazi, na ng'ombe mia na arobaini nje ya dirisha. Wade alimzidi miaka sita. Aliposikia habari za masomo ya likizo aliweka uma chini.

"Juni? Nani atakata majani nami Juni?"

"Ajiri mtu."

"Niajiri mtu! Sikilizeni, watu, Daktari Sindano anatoa amri." Mezani hapakuwa na watu wengine, ila Wade alipenda kusema hivyo, kana kwamba jikoni kuna baraza zima linalomshangilia. "Huyo profesa wako kasemaje?"

Marlys hakutaka kujibu, lakini uongo ulimshinda. "Kasema nisifanye."

Wade alicheka mpaka akakohoa. "Umemwona? Mtu amesoma vitabu vyote vya dunia anasema usifanye, mimi sijasoma hata kimoja nasema usifanye. Tunakubaliana mimi na yeye. Nimpelekee nyama?"

"Mpelekee na akili zako, ana nafasi ya kuhifadhi vitu vidogo."

"Mama angekuona..."

"Mama usimtaje," Marlys alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ulikuwa unapita mlangoni kwake umevaa kofia, unauliza kama amekula. Mimi ndiye niliyekuwa ndani."

Wade alichukua sahani yake akaenda kula barazani, na tangu siku hiyo wakawa wanaachiana maneno kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa jokofu: *Fahali katoka. Mafuta yameisha. Umemaliza maziwa.*

Juni ilifika. Mwalimu wa kemia ya kaboni katika chuo cha kaunti alikuwa Bi. Ione Strand, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyestaafu kutoka kiwanda cha rangi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mitambo. Siku ya kwanza aliwaambia wanafunzi kumi na tisa waliokuwepo kwamba wiki ya tatu watabaki tisa, na kwamba yeye hatajali. Alirudisha majaribio kwa kuanzia na aliyefeli zaidi. Jaribio la kwanza, jina la kwanza lilikuwa Vavra. Arobaini na moja kwa mia.

"Wewe unakariri," alimwambia Marlys mbele ya wote. "Unakariri kama kasuku. Elektroni zinakwenda mahali kwa sababu. Usiponiambia sababu, sitaki jibu lako."

Marlys alitamani kumrushia kitabu. Badala yake alikwenda kukaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, joto likimpika, akachora mishale. Mshale mmoja, elektroni zinatoka hapa, zinakwenda pale. Kwa nini? Akafuta, akachora tena. Kazini alichora nyuma ya lebo za chupa za damu mpaka msimamizi akamkemea. Wiki ya tatu walibaki wanane, na yeye akiwemo. Agosti alitoka na B. Bi. Strand alimkabidhi karatasi akasema, "Ungekuwa na mwaka mzima ungepata A," akageuka kufuta ubao.

Darasa la baiokemia lilipofunguliwa Wexler, Marlys alikaa mstari wa mbele, katikati, mahali ambapo Quist asingeweza kujifanya hamwoni. Naye hakujifanya.

"Bi. Vavra," alisema dakika ya kumi ya kipindi cha kwanza. "Wewe uliyekula mwaka mzima kwa wiki kumi. Njoo utuchoree jinsi asidi hizi mbili za amino zinavyoungana."

Marlys alichora. Mshale wa pili ulielekea upande usio wake. Quist hakumsahihisha. Alimwacha amesimama pale na chaki mkononi, akaliuliza darasa, "Nani anaona?" Mikono minane ikanyooka. Kijana mmoja aliyevaa fulana iliyopigwa pasi alikwenda, akaufuta mshale kwa kidole gumba, akachora wake. Marlys alirudi kitini.

Mtu mwingine angeliacha somo. Marlys alifanya jingine. Kila Jumanne saa nane mchana, muda ambao Quist alitakiwa na chuo kuacha mlango wazi kwa wanafunzi, aliingia bila kubisha na kuweka daftari mezani.

"Swali la nne," alisema siku ya kwanza.

"Habari za mchana nawe pia," alisema Quist.

"Swali la nne, Profesa."

Quist alijibu. Alijibu swali la nne, na la tano, na la tisa, kwa ukamilifu, kwa ukali, bila hata chembe ya wema. Alipoona Marlys hajaelewa aliuliza, "Umelala au umekufa?" Marlys alipomshika amekosea namba, alimwonyesha kwa ncha ya kalamu na kusema, "Hapa umelala wewe au umekufa?" Wanafunzi waliopita ukumbini walidhani watu wanagombana, na hawakukosea. Jumanne kumi na nne walifanya hivyo. Hawakuulizana hata siku moja kama wamekula.

Desemba alipata A yenye alama ya kutoa pembeni. Alikwenda kuisikia kwa mdomo wa Quist mwenyewe.

"Umefanya kazi," alisema Quist.

"Barua?"

"Saikolojia na sosholojia umezichukua?"

"Nimekwambia nitajisomea."

"Basi barua hakuna. Funga mlango ukitoka." Marlys aliuacha wazi makusudi.

Alijisomea? Alinunua kitabu chakavu cha mwanafunzi aliyehitimu, akafunua kurasa arobaini za mwanzo, akasoma namna watu wanavyogawanywa katika matabaka na makundi, akasonya. Aliona mambo anayoyajua yamevikwa majina marefu. Fizikia ilikuwa inambana, ng'ombe walikuwa wanazaa mwezi Machi, na Wade alikuwa anagonga dirisha lake alfajiri bila kusema neno. Kitabu kilibaki kwenye kiti cha nyuma cha gari, chini ya mabuti.

Mtihani aliufanya Aprili katika chumba kisicho na dirisha, kwa muda wa saa saba na nusu mbele ya kompyuta. Matokeo yalikuja baada ya mwezi, akiwa kazini, na aliyafungua kwenye simu akiwa amesimama kati ya friji mbili za damu. Kila sehemu huhesabiwa kuanzia mia na kumi na nane hadi mia na thelathini na mbili. Kemia na fizikia, mia na ishirini na nane. Bayolojia na baiokemia, mia na ishirini na tisa. Kusoma na kuchambua, mia na ishirini na sita. Saikolojia na sosholojia, mia na ishirini na moja.

Alizisoma tena. Mia na ishirini na moja. Hata mtu asiyejua lolote, akibonyeza kwa kubahatisha, hangekuwa mbali naye sana. Chuo chochote cha udaktari kingeiona namba hiyo kabla ya nyingine zote, kama mtu aonavyo jino lililong'oka kabla hajaona uso.

Aliingia chooni akalia kwa hasira. Alimkasirikia Quist kwa kuwa amesema kweli, na alimkasirikia zaidi kwa jinsi alivyoisema. Angeisema kwa heshima, labda ningesikia, alijiambia. Kisha akajiuliza kama ni kweli, na hakulipenda jibu.

Jioni Wade aliikuta karatasi ya matokeo mezani. "Hii ndogo ni ya nini?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya kutamka kwa mdomo baada ya wiki tatu.

"Ya kuwaelewa watu."

Wade alifungua kinywa, akaonekana kuchagua kati ya mizaha kumi iliyomjia. Marlys alikuwa ameshika sahani. Wade aliitazama ile sahani, akafunga kinywa chake.

Agosti, mwaka wake wa nne, Marlys alijiandikisha sosholojia na saikolojia, akakaa kati ya watoto wa miaka kumi na minane waliokuwa wakitafuna pipi. Alikwenda na moyo wa kuchukia. Ila katika wiki ya tano walisoma jinsi wahudumu wa hospitali wanavyowapa wagonjwa majina: wasumbufu, wazoefu, wale wanaorudi kila wiki. Mwalimu aliuliza nani amewahi kusikia jina la namna hiyo. Marlys hakunyoosha mkono. Pale Kelso walikuwepo wazee watatu waliokuja kila Jumatatu wakidai damu yao ipimwe tena, naye ndiye aliyewaita "walewale." Neno lilienea mpaka kwa madaktari. Mmoja wa wazee hao, Bwana Dvoracek, alikuwa amekufa Februari kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta kwa bidii, kwa kuwa alikuwa mmoja wa walewale.

Hakumwambia mtu. Lakini Jumatatu iliyofuata alimwomba mmoja wa wazee wawili waliobaki akae, akamwuliza ni kitu gani hasa kinachomtia hofu. Mzee alimjibu kwa ukali kwamba ni miaka minne amekuwa akingoja mtu amuulize, na kwamba yeye Marlys ana mikono ya mchinja kuku.

Januari alirudia mtihani. Sehemu ile ya nne ilipanda hadi mia na ishirini na saba, na nyingine hazikushuka. Juni akatuma maombi. Ni siku hiyo alipotuma, akihesabu miezi kwa vidole, ndipo alipogundua kwamba ametua palepale Quist alipopanga atue, mwaka uleule, mwezi uleule. Kuharakisha kwake kote hakukumwokolea hata siku moja.

Aliingia ofisini kwa Quist bila kubisha.

"Nahitaji barua."

"Nimeshaandika," alisema Quist. "Ilikwenda wiki iliyopita."

"Umeandika nini?"

"Ukweli."

"Ukweli wako naujua."

"Basi huna sababu ya kuuliza."

Walitazamana. Marlys alihisi kuna neno la shukrani ambalo mtu mwema angelisema hapo, na aliona hata Quist anangoja kuona kama litasemwa. Hakulisema. Naye Quist hakusema neno lake la kuomba radhi juu ya wanaoamka mapema, ambalo Marlys alikuwa amelingoja kwa miaka miwili. Alitoka, na hawakuonana tena.

Vyuo kumi na moja vilimkataa. Kimoja kilichosalia, katika jimbo la jirani, kilimwita kwa mahojiano mwezi Oktoba. Wahoji walikuwa wawili. Mwanamke mmoja mwenye mvi alikuwa na ile barua mbele yake, akaisoma kwa sauti bila kuinua macho.

"'Alama zake ni za kweli na nimezishuhudia zikitafutwa. Hana adabu. Hashauriki. Akikosea, hurudi.' Basi. Hakuna kingine. Sijapata kuona barua fupi kama hii. Unasemaje?"

Marlys alitaka kusema mengi juu ya Gerald Quist, na yote yalikuwa tayari mdomoni, yamepangana. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Yote ni kweli. Yeye mwenyewe pia hana adabu."

Mwanamke mwenye mvi aliandika kitu. Marlys alirudi nyumbani akiwa na hakika ameharibu, akamwachia Wade kikaratasi kwenye jokofu: *Nimeharibu. Usiniulize.* Barua ya kupokelewa ilikuja Februari.

Wade hakusema hongera. Aliuza nusu ya ng'ombe bila kumwambia, na Marlys alipouliza alisema mtu mmoja hawezi kuzalisha ng'ombe mia na arobaini, au hiyo hesabu haimo kwenye mtihani? Agosti alimpeleka kwa pikapu, mwendo wa saa tatu, redio ikisema bei za nafaka. Alibeba maboksi yote mpaka ghorofa ya tatu, akaliweka la mwisho kwa kishindo.

"Lina vitabu hilo," alisema Marlys.

"Nimejua. Lilikuwa zito na halina faida," alisema Wade, akashuka ngazi.

Hakupiga simu mpaka Novemba, na alipopiga ilikuwa kumtukana kwa sababu ya ufunguo wa banda aliouchukua. Marlys alisema hakuuchukua. Wade alisema kauchukua, kama alivyochukua kila kitu. Walipigiana kelele kwa robo saa. Kisha Wade akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, ganzi kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto inamaanisha nini.

"Vidole vipi? Tangu lini? Unaipata ukilala au ukiendesha trekta? Kifua kinauma?"

"Sikukupigia uwe daktari wangu."

"Na mimi si daktari, mwaka wa kwanza hatujui kitu. Nijibu, mpumbavu wewe."

Wade alijibu, swali moja moja, akinung'unika. Marlys alimwambia kifua chake akikisikia kinabana aite gari la hospitali hapohapo, na kama hakibani aende kliniki Jumatatu asubuhi.

Wade alikwenda Jumatano.